Jehanamu ya Dante kwa Mambo ya Kusini: Mwongozo Kamili wa Kuichora na Kuiigiza

Kikundi cha usomaji au cha sanaa kikikaa Mtwara, Lindi, Masasi au Nachingwea na kusema "tutunge kitu kuhusu maovu ya siku hizi", mara nyingi huishia kwenye hotuba. Mtu mbaya anaingia, anacheka kwa sauti nene, anapokea bahasha, anakamatwa, pazia. Watazamaji wanapiga makofi na kila mmoja anaondoka akijua kwamba mbaya ni mwingine.

Dante Alighieri wa Florence, Italia, aliyezaliwa mwaka 1265, aliacha kifaa kizuri kuliko hicho. Katika utenzi wake mrefu anasafiri kuzimu akiongozwa na mshairi wa kale Virgil, na kila shimo analolifikia limepimwa: kosa gani, zito kiasi gani, na adhabu yake inafananaje na tendo lenyewe. Vipimo hivyo ndivyo mwongozo huu unavyofundisha kuvitumia. Umeandikwa kwa kikundi cha watu 8 hadi 12, wenye wiki sita za kukutana mara mbili kwa wiki, wakitaka kutoka na ramani ya ukutani na igizo la dakika 40 hivi.

Jambo moja la kujua kabla ya kuanza. Dante alikuwa mmoja wa wakuu sita wa mji wake kwa miezi miwili katikati ya mwaka 1300. Januari 1302, chama cha mahasimu kilipokwisha kushika mji, alihukumiwa akiwa hayupo kwa kosa la kufanya biashara ya madaraka, faini florini 5,000. Machi mwaka huohuo hukumu ikawa kuchomwa moto akikamatwa. Hakurudi tena Florence; alifia Ravenna mwaka 1321. Kwa hiyo mtu aliyewachora wala rushwa vizuri kuliko wote naye alikuwa na hukumu ya rushwa shingoni. Likumbukeni hilo mtakapofika kwenye suala la majina.

Kusoma: nyimbo kumi na mbili zinatosha

Sehemu ya Jehanamu ina nyimbo 34, kila mmoja mistari 140 hivi. Msizisome zote. Chukueni wimbo wa 3, 5 (mwanzo tu, pale kwa Minos, hakimu wa kuzimu), 7, 11, 17, 19, 21, 22, 23, 25, 30 na 33. Wimbo mmoja kwa sauti huchukua dakika 15 hadi 20. Tatu kwa kikao kimoja ndiyo kiasi cha juu, baada ya hapo watu husinzia. Hivyo ni vikao vinne.

Mwenye kusoma Kiingereza au Kiitalia ausome nyumbani, kisha aje ausimulie. Asikae mbele ya kikundi akitafsiri mstari kwa mstari: matokeo yake ni Kiswahili kilichopinda, na majina ya familia za Florence za karne ya 13 yanawachosha watu kabla hawajaliona shimo lenyewe. Ruka majina, simulia tendo na adhabu.

Wimbo wa 28 uacheni. Ndani yake Dante, kwa chuki za Ulaya ya wakati wake, anamtaja Mtume Muhammad na Sayyidna Ali kwa namna inayomuudhi Mwislamu yeyote, na nyinyi mnaigiza Mikindani na Kilwa. Kosa linaloadhibiwa pale ni la kuwagawa watu, na linaweza kuchukuliwa bila kumchukua mtu yeyote aliyetajwa. Kiongozi wa kikundi ndiye ausome peke yake, awaambie wenzake ukweli huu mapema. Kuuficha ni kosa baya zaidi, kwani kuna siku mtu ataukuta mwenyewe kwenye simu.

Jehanamu ya Dante ina duara tisa zinazoshuka, na mbili hazina kazi hapa: duara la kwanza (wema wasiobatizwa, ambako Dante amewaweka Salahuddin, Ibn Sina na Ibn Rushd kwa heshima) na la sita (wazushi wa dini). Hayo ni ya imani, hayahusu mambo ya umma. Mtaa wenye msikiti na kanisa hautawashukuru mkiyafufua.

Kipimo chenyewe

Wimbo wa 11 ndio ufunguo. Virgil anasimama kando ya kaburi, wakisubiri pua zizoee uvundo unaotoka chini, na kueleza mpangilio. Juu kabisa wako waliokosa kujizuia: tamaa, ulafi, fedha, hasira. Chini yao wenye jeuri. Chini zaidi wenye hila, duara la nane. Mwisho kabisa, kwenye barafu, wenye khiyana.

Kwa nini hila ni nzito kuliko jeuri? Kwa sababu jeuri hata mnyama anayo. Nguruwe pori huvamia shamba, lakini hakuna nguruwe aliyewahi kuchezea mizani. Hila inatumia akili, kitu kilichomtofautisha binadamu. Kisha hila nayo imegawanyika: kumlaghai mtu asiye na sababu ya pekee ya kukuamini, na kumlaghai aliyekuamini. Ya pili ndiyo khiyana, na kwa ajili yake moto umezimwa.

Vijana wengi hukataa hapa. Watauliza: inakuwaje aliyempiga mtu panga awe juu, na aliyeiba fedha za ushirika awe chini? Waacheni wabishane nusu saa nzima. Mabishano hayo ndiyo yatakayozaa igizo, na kikundi kisichobishana wimbo wa 11 huja kugombana wiki ya tano, mavazi yamekwisha kushonwa.

Neno moja la kuwasaidia. Duara la nane lina mitaro kumi, na Dante anaiita kwa neno la Kitaliano lenye maana ya mfuko. Mifuko kumi miovu. Kiswahili kimeshatufanyia kazi: mfuko wa jimbo, mfuko wa pembejeo, mfuko wa maendeleo. Msitafute neno lingine.

Kadi

Kata karatasi tatu za manila zitoe kadi za ukubwa wa kiganja. Kila mtu apate sita. Kwenye kila kadi aandike tendo moja, sentensi moja, bila jina la mtu, la kijiji wala la ofisi. Sharti la sentensi: iwe na kitenzi kinachoonekana kwa macho.

"Viongozi ni mafisadi" si kadi, irudishwe. "Mpimaji anakanyaga ubao wa mizani kwa ncha ya kiatu" ni kadi. "Mtu anapanga mawe katikati ya gunia la korosho" ni kadi. "Afisa anaweka kalamu chini na kutazama dirishani mpaka apewe ya chai" ni kadi nzuri sana, kwa sababu mwigizaji anaweza kuifanya bila neno hata moja.

Katika zile sita, moja iwe tendo ambalo mwandishi amelitenda mwenyewe, au aliliona akanyamaza. Kadi zote ziandikwe kwa kalamu ya rangi moja na kwa herufi kubwa ili mwandiko usimtoe mtu, zichanganywe ndani ya kikapu. Bila kadi hiyo ya sita, ramani itajaa matendo ya wakubwa tu na jehanamu yenu itakuwa ya watu wengine.

Kupanga

Chora ramani kwenye kaniki au shuka la rangi moja, mita 2 kwa 2, kwa chaki kwanza na rangi baadaye. Mtatumia chaki nyingi. Watu hubadili mawazo. Soma kila kadi kwa sauti na uulize kwa mpangilio huu:

Je, alificha? Kama hakuficha na hakutumia nguvu, anakaa juu. Kama alitumia nguvu waziwazi, duara la saba. Kama alificha, ni la nane au la tisa.

Je, aliyeumia alikuwa na sababu ya kumwamini huyu hasa: ndugu, jirani, mgeni wake, mwanachama aliyempigia kura? Kama ndiyo, barafuni.

Kama ni la nane, mfuko upi?

Juu panajaa haraka. Duara la nne, kwa mfano, lina makundi mawili yanayosukumiana mawe kwa vifua: wabahili na wafujaji. Wanagongana katikati, wanatukanana, wanageuka, wanaanza tena. Hapa kadi za ofisi huingia zenyewe: anayebana fungu mpaka zahanati inakosa glovu, na anayelimwaga wiki ya mwisho ya Juni kwa semina kwa sababu mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30. Wasukumiane.

Tatizo la kweli ni kangomba. Mnawajua: wanaingia vijijini miezi ya njaa, mkorosho ukiwa ndiyo kwanza unatoa maua, wanatoa fedha kidogo leo ili wachukue korosho msimu ukifika, nje ya utaratibu wa minada. Kikundi kitamtupa chini kabisa kwa hasira. Polepole. Dante ana watu wa aina hii, wakopeshaji wa riba, na amewaweka duara la saba pamoja na wenye jeuri. Hoja yake ni kwamba binadamu ameamriwa ale kwa kazi na kwa ardhi, na anayezalisha fedha kutokana na fedha ameifanyia jeuri kazi yenyewe. Wamekaa kwenye mchanga unaowaka, mvua ya moto ikiwanyeshea, wakijipangusa kama mbwa anayesumbuliwa na viroboto. Shingoni kila mmoja ananing'iniza mkoba wenye nembo ya familia yake, na macho hayatoki kwenye mkoba.

Kwa hiyo kangomba aliyetaja bei yake wazi, mkulima akakubali kwa shida zake, ni wa mchangani. Aliyekuja na bakuli lililobonyezwa kitako ili kilo isitimie ni mghushi, mfuko wa kumi. Na kama ni shemeji wa mkulima, aliyejua kwamba mtoto anaumwa ndani ya nyumba ile? Barafuni. Mtu mmoja, biashara moja, mashimo matatu. Kadi ya namna hii igawanywe ziwe tatu. Msikubali iandikwe "kangomba" tu, maana neno hilo linataja kazi, halijataja tendo.

Mfuko wa kumi una mgeni mwingine ambaye kikundi kitamwonea aibu: mkulima anayemwagia korosho maji ili gunia lizidi uzito. Wimbo wa 30 unamhusu bwana Adamo, mghushi wa sarafu, aliyechanganya takataka karati 3 katika florini iliyopaswa kuwa karati 24 za dhahabu safi. Adhabu yake: tumbo limevimba maji kama ngoma, na kiu inamuua, anaota vijito vya nyumbani kwao na hawezi kupata hata tone. Aliyeongeza kisichostahili amejazwa kisichostahili. Gunia lenye maji na tumbo lenye maji vimelandana hivi kwamba hamna cha kubadilisha. Wekeni hivyohivyo.

Malipo sawia

Huu ndio moyo wa kazi, na ndipo vikundi vingi huharibu. Kila adhabu ya Dante inatoka ndani ya kosa. Tuiite malipo sawia. Kuna njia tatu za kuitengeneza: tendo lilelile likirudiwa bila kikomo, tendo likigeuzwa kichwa chini, au umbo la ndani la tendo likitolewa nje lionekane.

Mfano wa njia ya tatu ni wanafiki wa wimbo wa 23. Wanatembea polepole ndani ya majoho yanayong'aa dhahabu, ila ndani ni risasi. Hakuna anayewapiga. Uzito wenyewe unawapiga. Kwa pwani yetu joho ni vazi la heshima, hivyo mtazamaji ataelewa hata asiposikia neno.

Mfano wa kugeuza ni watabiri: vichwa vimepinda vikatazama mgongoni, machozi yanawateremkia makalioni. Hapo patawafaa watoa ahadi wa "miaka mitano ijayo" ambao ahadi ni ileile ya miaka mitano iliyopita. Watembee kinyumenyume wakionyesha mbele kwa vidole.

Wasifiaji wamezamishwa kwenye kinyesi, mfuko wa pili. Siku hizi tunawaita chawa. Msitumie muda mwingi hapo. Dante mwenyewe hakutumia.

Wezi ndio wenye adhabu ya ajabu kuliko zote, wimbo wa 25. Nyoka anamrukia mtu, nyama zao zinachanganyika kama nta, nyoka anakuwa mtu na mtu anakuwa nyoka. Aliyefuta mpaka wa changu na chako anapoteza hata mwili wake mwenyewe. Mkiwa na kadi ya mshahara hewa, yaani mtu anayepokea fedha kwa jina la marehemu au la asiyekuwepo, iwekeni hapa. Mwigizaji aitwe jina lake, aitike. Aitwe la pili, aitike. Aitwe la tatu. Mwisho aitwe lake tena na asiweze kuitika.

Sasa wala rushwa, mfuko wa tano, nyimbo za 21 na 22. Dante anawachemsha kwenye lami nyeusi, na anaifananisha na lami inayochemshwa majira ya baridi katika karakana ya majahazi ya Venice, mafundi wakikalafati vyombo vilivyochoka. Juu ya lami wanazunguka mashetani wenye makulabu; anayetoa mgongo nje ananaswa. Lami ina sifa mbili za rushwa: inafanyika gizani na inanata mkononi. Kuna fundi wa jahazi Kilwa au Mikindani atakayewaonyesha kalafati na deheni, na mwanzo huo unafaa.

Lakini kusini kuna kitu kinacholingana zaidi: mafuta ya ganda la korosho. Ni meusi, yananata, yanaunguza ngozi, na aliyewahi kubangua kwa mkono anajua jinsi vidole vinavyobambuka. Kokwa ni tamu, na ulinzi wake ni sumu hiyo. Mla rushwa alitaka kokwa bila kubangua. Amewekwa ndani ya ganda. Mkibadilisha kitu kimoja tu katika jehanamu nzima ya Dante, badilisheni hiki.

Jaribio la kila adhabu: mwonyesheni mtu asiye wa kikundi adhabu peke yake kwa dakika moja, bila maneno, mumuulize kosa ni lipi. Akikosa, adhabu imeshindwa. Makosa ya kawaida ni matatu. La kwanza, kila shimo kuwa moto. La pili, ukatili kwa ajili ya ukatili. Mtu kukatwakatwa hakufundishi chochote kama hamjui kwa nini anakatwa. La tatu, adhabu ya gerezani: "afungwe miaka 30" ni kazi ya hakimu.

Chini kabisa na nje kabisa

Sehemu hizi mbili zipate nusu ya muda wa mazoezi.

Nje ya mto wa kwanza, kabla hata ya jehanamu yenyewe, kuna umati ambao hata kuzimu haiutaki: wasiowahi kuwa upande wowote. Wanakimbia uchi nyuma ya bendera inayozunguka bila kusimama, wanaumwa na nyigu na nzi. Sisi tuna methali tayari, bendera hufuata upepo, na Dante ni kana kwamba aliisikia. Hawa ndio kina "mimi simo", wajumbe waliosaini muhtasari wa kikao bila kuusoma. Zile kadi za sita, za walioona wakanyamaza, nyingi zitaangukia hapa.

Barafu nayo. Watu wa Mtwara huuliza: jehanamu ya baridi? Mwenye madrasa kidogo atawajibu kabla yenu, maana baridi kali ya zamhariri inatajwa katika mafundisho ya Kiislamu. Mantiki ya Dante ni kwamba mapenzi na uaminifu ndivyo joto la watu. Aliyevizima kwa makusudi amebaki na anachostahili. Mfano wa kushika mkononi uko soko la samaki: changu ndani ya kasha, barafu imemfika machoni, mdomo wazi.

Nani anakaa humo? Fikirini utaratibu wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho msimu wa 2007/08. Mkulima anapeleka mzigo kwenye chama cha msingi, anapewa karatasi, mzigo unakwenda ghala kuu, unauzwa mnadani, naye anasubiri malipo baada ya makato. Kati ya kupeleka na kulipwa ana karatasi tu na imani. Mwizi wa barabarani akiiba gunia njiani ni mwizi. Mwanachama mwenzake, aliyemchagua kwa kunyoosha mkono, akiongeza kato lisilokuwepo, ameivunja imani iliyokuwa badala ya fedha. Kilo zilizopotea zinaweza kuwa zilezile, lakini mashimo yako mbali.

Wimbo wa 33 unawapa silaha ya mwisho. Kwa baadhi ya wasaliti, roho huanguka barafuni siku ya usaliti wenyewe, na mwili unabaki duniani ukiendeshwa na shetani: unakula, unakunywa, unalala, unavaa nguo. Igizeni hivyo. Mtu anasalimiana sokoni, anauliza bei ya muhogo, anacheka. Nyuma yake, ndani ya kasha la samaki, sura ileile imeganda.

Kuandika

Dante alitunga kwa mistari mitatu mitatu yenye vina vya mnyororo. Msiige. Sikio la Kiswahili linasubiri utenzi: vipande vinne, mizani minane, vitatu vya kwanza kwa kina kimoja na cha nne kwa kina cha bahari kinachorudi kila ubeti. Msimulizi aimbe kwa utenzi, wahusika wazungumze kwa nathari ya kawaida, na wakitukanana watukanane kama watu wa huku. Mfano wa ubeti wa wanafiki:

Joho alojivalia,
nyuzi za dhahabu pia,
ndani risasi katia,
hatua haiinuki.

Beti nne hadi sita kwa shimo ni nyingi za kutosha. Hesabuni mizani kwa vidole: mwenye kusema "inasikika sawa" mara nyingi ana mizani tisa.

Anayesafiri asiwe mtakatifu. Dante anazimia, anaogopa, anawahurumia wasiostahili na kukemewa. Kiongozi wake awe mtu mzima anayeheshimika, kama bibi mkunga au nahodha mstaafu. Akiitwa "Bibi" na kujibu "mwanangu", nusu ya maelezo yanakuwa yamekwisha kutolewa. Minos, hakimu anayejizungushia mkia mara nyingi kadiri ya duara analopeleka roho, awe karani wa mizani: anapima mtu, anazungusha kamba kiunoni, watazamaji wanahesabu mizunguko kwa sauti. Kama kuna fundi wa kinyago cha mapiko karibu, mashetani wenu wameshapatikana, ila ombeni ruhusa ya wazee wake kwanza. Vinyago vingine ni vya jando na havitoki ovyo.

Uwanja na vifaa

Chagueni uwanja wa wazi usio na mteremko, upana mita 20. Simika mti katikati, funga kamba, chora kwa majivu duara nne tu: mita 9, 7, 5 na 2 kutoka katikati. Nje ya mita 9 ni umati wa bendera, na watazamaji wasimame hapohapo. Hamhitaji kuwaambia, bendera ikishaanza kuwazunguka wataelewa wamewekwa wapi. Safari iende ndani ikizunguka kushoto, kama ya Dante. Duara zote nne zina urefu wa mita 145 hivi, ndoo kubwa mbili za majivu yaliyochekechwa zinatosha. Siku ya upepo wa kusi yalowesheni kidogo.

"Mafuta ya ganda" yasiwe ya kweli kamwe: yanachubua ngozi na kuharibu macho. Chukua nusu kilo ya unga wa muhogo, koroga kwanza kwenye lita moja ya maji baridi, kisha mimina polepole kwenye lita nne zinazochemka huku ukikoroga. Ukiweka unga mkavu kwenye maji moto utapata mabonge. Ukipoa kabisa, tia mkaa uliosagwa na kuchekechwa, vikombe viwili. Upikwe asubuhi ya onyesho; wa jana huchacha na kunuka.

Joho la mnafiki: gunia la katani likatwe, lishonewe mifuko minane midogo ya mchanga, jumla isizidi kilo 8, kisha juu kitambaa cha dhahabu. Mchanga uwe mabegani na kifuani. Ukiwekwa kwenye pindo, mwigizaji atajikwaa. Matumbo ya waghushi yatengenezwe kwa madumu ya lita 5 yenye maji nusu, ili yasikike yakicheza. Mawe ya wabahili na wafujaji yawe mapipa matupu ya lita 200, yaviringishwe. Yana kelele inayotakiwa.

Msipange onyesho Oktoba hadi Desemba, watu wako mashambani na minadani. Mwezi wa Ramadhani nao uacheni. Anzeni nusu saa hivi kabla ya jua kuzama ili barafu iangukie magharibi, giza likianza kuingia.

Majina, vibali na ushahidi

Dante alitaja majina ya watu halisi, hata mapapa. Nyinyi msitaje, wala kwa kuiga sauti, wala kwa kofia ya mtu fulani. Sababu ya sheria iko wazi: kumchafua mtu jina ni kosa la kudaiwa, na klipu ikipandishwa mtandaoni inagusa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Lakini ipo pia sababu ya sanaa. Jina likitajwa, watazamaji wote wanapumua, kwa kuwa si lao.

Maigizo ya jukwaani yako chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976. Muoneni Afisa Utamaduni wa halmashauri wiki nne kabla, mkiwa na andiko zima lililopigwa chapa, na toeni taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji. Andiko la muhtasari huzua maswali mengi kuliko andiko kamili.

Kadi moja au mbili zitakuwa na jambo la kweli linaloendelea sasa. Mtalijua: mwandishi wake ataanza kutetemeka likisomwa, au atajitokeza baada ya kikao. Hilo liondolewe kwenye igizo siku hiyohiyo. Mwenye taarifa apelekwe TAKUKURU, simu ya bure 113, akiwa na tarehe, kiasi na nakala za stakabadhi; Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 inamhusu. Asiende na kikundi kizima nyuma yake.

Baada ya onyesho, kaniki ya ramani ikunjwe na kuhifadhiwa, itatumika tena. Kadi zote zichomwe palepale uwanjani, kwenye shimo la mita nusu, kikundi kizima kikitazama, na majivu yake yamwagwe juu ya duara.